Kiini Kwenye Masharubu

Sogeeni hapa wajukuu zangu, na anayetafuna amalize kwanza, nataka kimya.

Nguchiro alitangaza kwamba mayai ya msimu ule yana sumu, anayeonja hafiki adhuhuri. Mitetea wakaingiwa na hofu, wakayatupa yao kichakani. Bi Kishungi, mtetea mzee, alikuwa na matatu tu, ya mwisho ya uzee wake, akasita kuyatupa.

"Shoga, umeona au umeambiwa?" akamuuliza jirani.

"Nimeambiwa."

Wakaulizana mmoja mmoja, mpaka wakafika shimoni kwa Nguchiro.

"Mimi nimeona kwa macho yangu!" akasema.

Bi Kishungi akamwangalia masharubu. Kiini cha yai kimeyagandia. Akaangua kilio: "Uwii! Kaka Nguchiro kaonja! Chimbeni kaburi jamani, adhuhuri hiyo inaingia!"

Mitetea wakalia, wakaparura ardhi. Mmoja akauliza shimo la marehemu atapewa nani.

"Marehemu gani?" Nguchiro akafoka. "Nimekula kumi na mawili nami ni mzima kama mnavyoniona!"

Ndipo mitetea wakang'amua uongo wake. Kisha wakamdonoa mpaka akatoroka.

Shimo walirithi vifaranga watatu wa Bi Kishungi. Mitetea walirithi lile swali: umeona au umeambiwa? Nguchiro alibaki na masharubu yake, na tangu siku ile huyapangusa kabla hajasema neno.