Pedali za Keren

Mama Régine wa jirani alisema mume wa Keren amevuka mpaka na msichana wa Kasumbalesa. Ndiyo maana, aliuambia mtaa mzima wa Naviundu, Keren anakanyaga kinga, baiskeli isiyotoka uani: anataka kukonda, Rigobert amrudie. Hata udongo aliokanyaga mume ameukomba chumbani, anaumwaga mtoni kila alfajiri.

Keren hakubisha. Mwaka ule kazi za shaba zilikuwa zimekufa na askari wakiingia nyumba kwa nyumba wakitafuta cha kuchukua. Mdomo wa jirani ulikuwa mzigo mwepesi.

Kilichomtia hofu ni goti. Baiskeli hiyo ya mashindano, iliyoachwa na Mzungu aliyekimbia uporaji, ilikuwa na pedali zinazonasa viatu. Akikanyaga kwa muda mrefu, goti la kulia lilimwaka kwa ndani. Na goti likikataa, Rigobert hatarudi tena. Hilo alilijua.

Akaenda kwa Aristote, fundi baiskeli wa mtaa wa Bel-Air, ambaye alimpangia jozi mbili za pedali mezani. Ya kwanza ilikishika kiatu kisigeuke hata kidogo. Ya pili ilikiacha kisigino kicheze.

"Chukua hii," alisema Aristote. "Ile ingine inafunga muguu sawa pingu. Goti iko na njia yake, mama. Uiache ipite."

Kisha akalegeza kile chuma kilicho chini ya kiatu, akakirudisha nyuma hadi usawa wa mzizi wa kidole gumba, akakipinda ili ncha itazame nje kidogo, vile Keren anavyotembea. Alipouliza anajiandaa kwa mbio gani, Keren alijibu kwamba ni mbio za kawaida tu.

Alasiri ile goti lilinyamaza. Alikanyaga hadi jasho likalowesha kitenge. Mama Régine akachungulia juu ya ua.

"Shuka, Keren. Bwana harudishwi na kinga."

"Nikisimama tu, mama, nitamupoteza."

Mama Régine alicheka, akaenda kusimulia.

Mara pedali zikawa nyepesi, kama zisizosukuma kitu. Mnyororo ulikuwa mahali pake. Keren alipindua visigino, viatu vikachomoka, akakimbilia chumbani na kusukuma kitanda. Shimo lililokuwa chini yake lilikuwa likitoa vumbi. Alishika kamba iliyoshuka gizani, akaweka mdomo kwenye bomba la mpira lililokuwa likipeleka upepo wa baiskeli chini ya nyumba, kwa mumewe aliyekuwa akichimba shaba.

"Rigo," aliita. "Vuta kamba. Mara moja tu, nijue."