Fundi Chini ya Meza

Fundi alipopigwa na umeme mara ya pili, alisema, "Asante, Mama."

Nakhisa akainama kumtazama pale chini ya meza. Maishani mwake alikuwa ameona mafundi wanaotukana, mafundi wanaodai soda kabla ya kazi, hata mmoja aliyelala usingizi juu ya paa. Wa kushukuru hakuwahi kumwona.

"Usiniambie asante, niambie kasoro iko wapi," alisema. "Na uchomoe waya ukutani kabla ya kushika chochote. Hilo hata kuku wangu wanalijua."

"Ndiyo, Mama."

Juu ya meza, treni ilikuwa imekufa ndani ya handaki, mkia nje. Marehemu mumewe ndiye aliyeijenga. Kila Krismasi ilizunguka kijiji cha maboksi chenye kanisa, soko na kibanda cha rolex, zile chapati za mayai, vyote vimefunikwa kwa theluji ya pamba ambayo hakuna mtu wa mtaa wao wa Nakawa aliyewahi kuiona. Mwaka huu iliondoka vizuri, ikaingia handakini, halafu basi. Treni, taa za kanisa, taa za soko, vyote vikazimika kwa pamoja.

Na leo haikuwa siku ya kuzimika. Leo Augustin, mchumba wa binti yake Moreen, Mkongo wa Butembo anayefanya kazi ofisini Nakasero, alikuwa anakuja nyumbani kwa mara ya kwanza. Moreen alitaka aikute treni ya baba ikitembea.

Wachumba wawili walikuwa wamekwishakimbia. Wa kwanza Nakhisa alimkabidhi jogoo na kisu. Wa pili alimpandisha kwenye tangi la maji akalisugue. Safari hii Moreen alimwapisha mama yake kwamba hakuna mtihani. Hata picha ya kijana alikataa kuonyesha, mama asije akaanza kuikosoa pua kabla mwenyewe hajafika.

"Huyu naye akikimbia, Mama, nahamia Juba na sirudi," alisema, kisha akajifungia chumbani kusubiri aitwe, kama desturi inavyotaka.

Basi Nakhisa alikuwa amejifunga ulimi. Sukari yote aliipeleka sebuleni, kwa mgeni mwenye koti na tai aliyekwishafika. Pilipili ikabaki kwa fundi. Jirani yake Nabilah alikuwa ameahidi kumtuma Mkongo mmoja wa Kisenyi anayejua umeme. Huyu aliyebisha hodi alikuwa na tope hadi magotini na mfuko mweusi mkononi, na Nakhisa alimsukumia chini ya meza kabla hajamaliza salamu.

"Ufundi umesomea wapi?"

"Sikusomea, Mama. Lakini nitafanya yote utakayoniambia."

"Yaani Kampala hii!" Nakhisa akakunja mikono ya gauni. "Haya, tuanzie kwenye soketi. Umeme unatoka ukutani, hautoki mbinguni."

Akachomeka chaja ya simu. Simu ikalia. Soketi ni nzima.

"Transfoma?"

"Ina joto, Mama. Inanguruma."

"Basi inapata umeme. Kaza zile nyaya mbili zinazokwenda kwenye reli. Si hiyo! Hiyo ni ya taa. Mkeo anakuvumiliaje?"

"Bado sijaoa, Mama."

"Naona."

Akamwacha akipangusa reli kwa kitambaa chenye spiriti, akajipaka tabasamu na kuingia sebuleni. Mgeni alikuwa amelimaliza paja la pili la kuku.

"Kula, baba, kula," Nakhisa alisema kwa sauti ambayo hata yeye mwenyewe hakuijua. Akamwekea firigisi, ile ambayo nyumbani kwake haiguswi na mtu yeyote isipokuwa mkwe.

"Mama, mimi nilikuja kwa sababu ya..."

"Najua ulichojia! Kwetu mgeni hasemi shida yake kabla ya kushiba. Ongeza mchuzi."

Mgeni akaongeza mchuzi.

Nakhisa aliporudi, fundi alikuwa amepanda mezani kwa tumbo, kichwa kimeingia handakini, pamba imemganda kwenye nyusi.

"Reli ni safi, Mama. Nimeondoa mabehewa yote, bado haiendi."

"Basi kuna kitu kinaunganisha reli mbili mahali pasipotakiwa. Ingiza mkono. Ingiza wote! Unaogopa nini, chatu?"

Fundi akaingiza mkono mpaka begani. Uso ukabadilika. Akavuta taratibu, na kikatoka kipande kirefu cha pambo la kung'aa, lile la bati laini, kilichokuwa kimelala juu ya reli zote mbili. Nakhisa alilikumbuka vizuri. Yeye ndiye aliyelitundika kwenye mdomo wa handaki, lipendeze.

"Nani kaweka uchafu huu?" alifoka.

"Samahani, Mama," alisema fundi.

Akarudisha treni na mabehewa yake relini, akachomeka waya. Taa za kanisa zikawaka, za soko zikafuata. Treni ikatikisika, ikaingia handakini, ikatokea upande wa pili ikipiga honi. Fundi akapiga makofi kama mtoto, na kwa mara ya kwanza Nakhisa akamwonea huruma kidogo.

"Una mikono ya mbao, lakini una moyo," alimwambia. "Rudi chini, ukusanye pamba yangu."

Akavua aproni, akapangusa uso, akaenda sebuleni kwa mwendo wa mama mwenye binti wa kuoza.

"Mwanangu," alisema kwa utamu, "sasa tunaweza kuzungumza. Sema lililokuleta."

Mgeni alilamba vidole, akamshukuru Mungu, akavua koti na kutoa bisibisi mfukoni.

"Mama, mimi hakuna nyumba yenye nimewahi kupokewa hivi," alisema. "Sasa, hiyo treni yenye imekataa kutembea iko wapi?"