Kiti cha Jini

Mganga alinifukiza ubani, akamuuliza jini aliyenipanda, "Wataka nini ndipo umtoke?"

Jini akajibu kwa kinywa changu, kwa sauti nzito ya bwana wa kale wa magofu ya Gede. "Simtoki. Nampenda. Kahonzi huyu ni kiti changu, ndiye ninayemkalia. Nikimwita, huitika labeka."

Pete ya fedha niliyoiokota magofuni ikanibana kidole mpaka damu ikachuruzika.

Mganga akainua mkono apige ngoma ya kumtoa. Nikamzuia.

"Mwache, babu," nikasema kwa sauti yangu mwenyewe. "Nami nampenda. Lakini mimi si kiti cha mtu."

Nikaivua ile pete pamoja na ngozi, nikaivaa kwenye kidole nilichotaka mimi.

"Haya, wewe," nikamwita.

Kinywa changu kikafunguka. Sauti nzito ikaitika polepole, "Labeka, bibi."