Bakuli la Kijani

Fumo alikuwa na kabati zima la mabakuli ya kale ya Kichina, na hakuna aliyeruhusiwa kuyagusa. Asubuhi hiyo alifika kwa Bi Mwanakombo kuchukua bakuli la kijani lililokaa kwenye kidaka cha ukuta tangu enzi za mababu.

"Mikono yangu inatetemeka siku hizi," bibi alisema. "Nisije nikalivunja. Bora likae kwako. Ila leo mjukuu wangu anatolewa nje kwa mara ya kwanza, na kila mtoto wa nyumba hii huoshwa uso kwa maji ya bakuli hili. Nishikie, baba."

Akalijaza maji, akampa. Fumo alilishika kwa mikono miwili. Chini ya maji, samaki wawili waliochorwa na fundi asiyejulikana walianza kuchezesha mapezi, au ndivyo alivyoona. Mama mzazi akaleta kichanga. Bibi akachovya vidole, akampangusa mtoto paji la uso, akimnong'oneza majina ya waliotangulia. Fumo alijikuta amezuia pumzi.

"Haya, mwaga maji, uende nalo," bibi alisema.

Fumo hakuyamwaga. Alitembea polepole hadi kwenye kidaka, akalirudisha bakuli na maji yake.

"Akizaliwa mwingine," alisema, "niiteni nije nilishike."

Jua liliingia dirishani, likagusa maji, na mwanga wa kijani ukaanza kuogelea darini. Kichanga kikaufuata kwa macho.