Chiriku na Rufaa ya Kindi

Chiriku, mwanafunzi wa sheria, alikuwa bingwa wa mashindano ya chuo ya rufaa za waliofilisika. Huko kila mshindani hutetea upande mmoja asubuhi na upande wa pili jioni. Kindi alipofilisika kwelikweli na kuamriwa awaachie wadai tundu lake, alimwendea.

“Bwana Chiriku, nina watoto humo.”

“Tulia, mzee. Kikombe cha mashindano nilichukua mimi.”

Mbele ya Jaji Bundi alimtetea Kindi hata wadai wakaanza kufunga mafaili yao. Kisha, kwa mazoea, akahamia meza ya wadai na kuzibomoa hoja zake zote.

“Rufaa naitupilia mbali,” akasema Bundi.

Kindi alitoka na wanawe mgongoni. Chiriku akamfuata mlangoni, uso umemng'aa.

“Mzee, ile hotuba ya pili umeionaje?”