Masizi ya Sufuria

Asubuhi hiyo Mama Zuwena aliipokea kalamu kwa macho makavu.

"Andika," mumewe alisema. Alikuwa amerudi nyumbani Ngokolo jana yake kutoka machimbo ya dhahabu ya Nyarugusu, na ugomvi ulianza hata kabla hajavua viatu. "Andika kwamba nimekupa talaka."

Mume hakujua kusoma wala kuandika. Mkewe aliishia darasa la nne, kwa hiyo kila walipogombana alipewa kalamu aandike talaka yake mwenyewe. Kila mara machozi yaliilowesha karatasi kabla hajafika katikati. Mume akacheka, akaichana, wakakaa kula.

Leo aliandika mpaka nukta ya mwisho, tena kwa mwandiko mzuri.

"Nimemaliza."

"Umemaliza nini?"

Alimsomea yote, polepole. Kisha akaipindua sufuria ya uji, akamsogezea kitako chake cheusi.

"Paka masizi dole gumba, Baba Zuwena. Halafu weka hapa chini."

"We mwanamke, una wazimu? Hujui utani?"

"Utani gani wa miaka sita?"

Mume alikificha kidole ndani ya ngumi, kama mtoto anayeogopa sindano. Mama Zuwena akaushika mkono ule, akaikunjua ngumi. Ukucha wa dole gumba ulikuwa umepasuka kwa kupasua mawe. Akalipaka masizi, akalishikilia juu ya karatasi.

"Kila ulipoondoka kwenda machimboni," alimwambia, "niliomba usirudi."