Hema la Mwanaheri

Jumatatu ya tarehe tisa, saa nne asubuhi, Mwanaheri alikata roho hospitalini kwa kukosa hewa. Mtungi wa oksijeni ulikuwepo stoo, lakini stoo ilikuwa imefungwa, na wakubwa wote walikuwa wamekwenda kumpokea mgeni wa heshima. Wenye vyeo hawakosi pumzi.

Tangu siku hiyo mumewe, Makungu, hakulifungua hema la nailoni ambamo marehemu alikuwa akiotesha uyoga chumbani. Alinyunyiza maji kupitia tundu dogo, asubuhi na jioni, kisha akaziba. Pumzi ya mkewe ilikuwa imebaki humo, naye hakutaka ipotee.

Siku ya arobaini, baada ya dua, shemeji yake Chausiku alichungulia. Mifuko ya majani makavu na pumba ilikuwa imeota, lakini uyoga ulikuwa na miguu mirefu myembamba, na vichwa kama vya njiti za kiberiti.

"Shemeji, unaua kazi ya dada! Uyoga unapumua kama sisi. Yeye alifungua mara tatu kwa siku, umesahau?"

"Nikifungua, atatoka."

"Basi unaunyima hewa kama walivyomnyima yeye."

Makungu alilisogelea hema. Kisha akaanza kubandua vibanio vya nguo vilivyolifunga, kimoja kimoja. Joto lenye harufu ya mikono ya Mwanaheri likampiga usoni, likapita, likaelekea mlangoni. Vile vichwa vidogo vikatikisika.

"Chausiku," akauliza, kibanio cha mwisho kiganjani, "ufunguo wa ile stoo alikuwa nao nani?"